Antena ya Dukani na Antena ya Kujitengenezea: Ipi Yafaa kwa Redio ya Mawimbi Mafupi?



Somo letu la mwezi huu si la mbegu wala la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni somo la waya. Lakini lahusu fedha zako vilevile, kwa sababu antena za redio zauzwa siku hizi madukani na kwa njia ya simu kwa maneno matamu sana, na mtu aweza kutoa malipo ya maziwa ya majuma kadhaa kununua kitu ambacho angeweza kukitengeneza mwenyewe kwa saa mbili, kwa waya uliobaki siku ile alipotia umeme nyumbani. Tena aweza kukinunua na bado asisikie kitu.

Kwanza nikuokolee wakati. Ikiwa wewe husikiliza FM tu, na stesheni uzipendazo zasikika vizuri, somo hili halikuhusu. Mawimbi ya FM huenda karibu kama macho yaonavyo, na kilima kikiyazuia yamezuiwa. Mawimbi mafupi hayaendi hivyo. Hupanda juu angani, kilomita mia moja hadi mia tatu au nne, yakafika katika tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, kisha yakapinda na kurudi chini mbali sana. Kwa hiyo mkulima akaaye bondeni, nyuma ya mlima, ambako FM hukoroma na simu hutafuta mtandao mchana kutwa, aweza kusikia sauti iliyotoka Madagaska au Ufaransa kwa redio ya betri mbili.

Ni kweli kwamba matangazo ya namna hii yamepungua. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, redio ya Peking mwaka 1961, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Siku hizo ungeweza kufungua redio bila antena yoyote na kuchagua utakavyo. Tangu hapo mitambo mingi imefungwa. Mtambo wa BBC uliokuwa Shelisheli, ambao tangu mwaka 1988 ulikuwa ukipeleka sauti Afrika ya Mashariki kwa nguvu, ulifungwa mwaka 2014. Mitambo ya karibu ikifungwa, yaliyobaki hutoka mbali zaidi na hufika dhaifu zaidi. Kwa sababu hiyo mtu ambaye baba yake alisikia kila kitu kwa kile kijiti cha redio tu, leo hujikuta anahitaji antena.

Hesabu kidogo

Usiogope, hesabu hii ni ya kugawanya tu. Chukua 300, gawanya kwa megahetsi za stesheni, nawe utapata urefu wa wimbi lake kwa mita. Stesheni iliyo kwenye 9.6 itakupa mita 31 na kidogo. Ndiyo maana sehemu hiyo ya redio huitwa bendi ya mita 31. Sehemu ya 6.0 ni ya mita 49, sehemu ya 11.8 ni ya mita 25, na sehemu ya 15.4 ni ya mita 19. Kwa miaka mingi redio ya Zanzibar imesikika katika 11735, yaani 11.735 kwa megahetsi. Gawanya mwenyewe uone ni bendi gani.

Sasa tazama kijiti cha redio yako. Ukikivuta chote, mara nyingi hakifiki hata mita moja. Wimbi lina mita 31, nawe walipokea kwa kijiti cha sentimita themanini! Chafanya kazi, lakini hakipati sehemu kubwa. Antena iliyo bora kwa bendi moja ni ile yenye urefu wa nusu ya wimbi, kasoro sehemu moja katika ishirini. Njia fupi ya kuipata ni kugawanya 143 kwa megahetsi. Kwa 9.6 utapata mita 14.9, yaani waya wa mita 7 na nusu kushoto, na mita 7 na nusu kulia, katikati zikiachana. Kwa bendi ya mita 49 utapata karibu mita 24. Kwa bendi ya mita 25 utapata mita 12 na kidogo.

Jambo jingine la kukumbuka ni saa. Usiku, sikiliza zaidi bendi za mita 49, 41 na 31. Mchana jua huzidisha tabaka la chini ambalo humeza mawimbi ya bendi hizo, basi panda kwenye mita 25, 19 na 16. Nimeona watu wakilaumu antena nzuri kwa sababu walitafuta mita 49 saa saba za mchana.

Kelele ndiyo adui

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza.

Watu hufikiri kwamba antena bora ni ile ifanyayo redio kulia kwa sauti kubwa. Sivyo. Kwa sauti kubwa, geuza kitufe cha redio. Kazi ya antena ni kuongeza tofauti kati ya sauti ya mtangazaji na ile kelele iliyo nyuma yake. Baadhi ya antena za dukani zina kisanduku cha kukuza nguvu, nacho hula umeme wa chaja ya simu. Kisanduku hicho hakijui kuchagua. Ni kama gunia kubwa zaidi ambalo hupokea mahindi zaidi na makapi zaidi. Ikiwa nyumba yako imejaa makapi, umenunua gunia la makapi.

Na nyumba zetu za siku hizi zimejaa makapi kweli. Taa hizi ndogo za LED zisizo ghali, chaja za simu, kile kisanduku kiongozacho chaji ya sola, mashine igeuzayo umeme wa betri kuwa wa televisheni: vyote hivi huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara hutoa wimbi ambalo redio yako hulisikia kama mngurumo au mlio wa nyuki. Jaribio lake ni rahisi. Washa redio usiku kwa betri zake, mahali pasipo stesheni, kisha mwambie mtoto azime vitu vya nyumbani kimoja kimoja. Utakijua kile chenye kosa kwa masikio yako mwenyewe. Jaribio hili halina gharama, na lafaa lifanywe kabla ya kununua hata mita moja ya waya.

Mimi mwenyewe sikulifanya. Nilinunua katika duka moja la mjini antena ya duara yenye kikuza nguvu, kipenyo chake kama sentimita sitini, nikaisimamisha dirishani kwa fahari. Nilipata mngurumo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nilirudi dukani, nikaambiwa kwamba redio yangu ni mbaya. Redio haikuwa mbaya. Kile kisanduku cha sola kilikuwa kimefungwa ukutani hatua mbili kutoka dirishani.

Jumapili iliyofuata nilichukua waya wa kawaida wa nyumba, mita kumi na tano, nikaufunga kwenye mkaratusi nyuma ya zizi, mbali na nyumba. Nikaketi chini ya mti na redio. Mngurumo ulitoweka, na katika mita 31 nilisikia stesheni nne mahali ambapo dirishani nilisikia moja. Nilitaka kuishia hapo na kuwaambia watu kwamba antena za dukani ni za bure. Lakini mwalimu wangu wa chuo alitufundisha kwamba jaribio lisilo la haki si jaribio. Kwa hiyo siku ya pili niliichukua ile antena ya dukani nayo, nikaiweka juu ya nguzo kando ya zizi, nikailisha umeme kwa betri. Nayo ikasikia zile stesheni nne. Waya wangu ulikuwa na ukimya zaidi kidogo kwa mbili, duara lilishinda kwa moja, na kwa ya nne sikuweza kuamua.

Basi kilichobadilika hasa kilikuwa mahali. Hapo wewe mkulima wa skimu una kitu ambacho mtu wa mjini hana hata akiwa na fedha: una nafasi. Una miti, una nguzo, na una hatua mia kutoka taa moja hadi nyingine.

Ua wa umeme

Neno moja kwa wale wenye ua wa umeme. Ukisikia katika redio mlio wa tik, tik, tik, karibu mara moja kila sekunde, hiyo ni mashine ya ua. Ua ulio mzima hutoa mlio mdogo tu. Mlio ukiwa mkali, mara nyingi maana yake ni kwamba umeme unavuja: majani mabichi yamegusa waya, au kikombe cha kuzuia umeme kimepasuka, au maungio yana kutu na cheche inaruka. Hapo usikimbilie antena. Chukua redio ndogo ya mkononi, itie kwenye mawimbi ya wastani, upande wa chini mahali pasipo stesheni, utembee kandokando ya ua bila kuugusa. Mlio utazidi ufikapo penye kosa. Utaitengeneza redio na ua kwa siku moja, na ndama hawatatoka.

Jinsi ya kuutandaza waya

Waya wa shaba wenye ganda la plastiki, ule wa kutia taa nyumbani, ni mzuri kabisa. Waya wa seng'enge usio na miiba nao hufaa kwa kupokea, lakini kila maungio yake hushika kutu na kukwaruza redioni upepo uvumapo. Ukiutumia, uwe kipande kimoja bila kuunga. Usitumie ua wenyewe kuwa antena. Nimeombwa shauri hilo mara nyingi. Ua uko chini mno, umepigwa misumari kwenye nguzo zinazolowa, na umeungwa mahali hamsini.

Urefu wa mita kumi hadi ishirini watosha kwa redio ndogo. Upandishe juu kadiri uwezavyo, mita nne au zaidi. Katika kila ncha weka kipande cha paipu ya plastiki chenye tundu mbili: waya upite tundu moja, kamba ipite ya pili, ili waya usiguse mti. Kamba iwe ya nailoni. Ya katani hunywa maji, ikajikaza, kisha ikaoza. Mti hucheza kwa upepo, basi usiifunge kamba upande wa mti. Ipitishe juu ya tawi na kuning'iniza jiwe mwishoni mwake, jiwe lipande na kushuka mti uchezapo. Jambo hili dogo ndilo litofautishalo antena ya miaka mitano na antena ya juma moja.

Waya uliobaki ushuke hadi nyumbani bila kukatwa. Kabla haujaingia, uache uning'inie chini ya tundu la ukuta kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasifuate waya hadi ndani. Kama ukuta ni wa mabati, upitishe katika kipande cha paipu. Na wenye nyumba za mabati juu na kando wasishangae kwamba redio ni bubu ndani: mabati huzuia mawimbi kama yazuiavyo mvua. Kwao hata mita tano za waya nje ya nyumba ni faida kubwa.

Kama redio ina tundu la antena ya nje, tumia plagi iingiayo humo. Kama haina, usifunge waya moja kwa moja kwenye kijiti bila kujaribu kwanza. Redio ndogo hulewa upesi. Ukiipa nguvu nyingi, stesheni huanza kutokea mahali pasipo pao, na miluzi hujaa. Dawa yake ni kuuzungusha waya wenye ganda mara tano au sita kwenye kijiti, shaba isiguse chuma. Waya ukizidi mno bado, ufupishe.

Atakaye antena ya nusu ya wimbi niliyoieleza katika hesabu, akate waya mbili zilizo sawa, azishike katikati kwa kipande cha paipu, na kutoka hapo ashushe waya wa nyuzi mbili hadi redioni. Hii ni bora kuliko waya mmoja kwa bendi yake, na kelele za nyumbani huipata kidogo. Husikia zaidi pande mbili za ubavuni, basi ukiinyoosha kutoka mashariki hadi magharibi itaelekea kaskazini na kusini. Lakini ikiwa chini ya mita saba au nane tofauti hiyo ni ndogo, hivyo usikate mti wako mzuri kwa ajili ya kutafuta upande.

Wakati gani ununue

Sipendi kumdanganya mtu kwamba fundi wa nyumbani hushinda siku zote. Ile antena ya kuvuta kutoka kwenye kibox kidogo kama tepu, yenye mita saba hivi za waya mwembamba na kibanio mwishoni, ni waya tu, wanunua kibox. Kama wasafiri mara kwa mara, kibox kina maana. Kama hukai mbali na nyumba, usikinunue.

Antena ya duara ni jambo tofauti. Ploti ikiwa nyembamba, au waya wa umeme ukipita juu yake, au kelele ikitoka kwa jirani ambaye huwezi kumzimia taa zake, duara laweza kukufaa kuliko waya wowote. Sababu yake ni kwamba halisikii vizuri kitu kilicho mbele ya uso wake. Ukiligeuza polepole mpaka tundu lake lielekee kule kelele itokako, kelele hupungua sana, na stesheni ya mbali hubaki, kwa kuwa wimbi lake hushuka kutoka juu. Rafiki yangu mmoja aliyepakana na kinu cha kusagia alikuwa amekata tamaa. Alinunua duara, akaligeuza robo ya mzunguko, na sasa husikiliza kinu kikisaga.

Hata duara lenyewe laweza kutengenezwa. Chukua waya mnene au kebo ya televisheni ya mita tatu na kidogo, uifanye duara la kipenyo cha mita moja juu ya msalaba wa mbao. Ncha zake mbili uziunge kwenye kapasita ya kuchagulia stesheni iliyotolewa katika redio nzee iliyokufa. Ndani ya duara kubwa weka duara dogo la kipenyo cha sentimita ishirini, lisiloguswa na lile kubwa, na ncha zake ndizo ziende redioni. Ukizungusha kapasita, kelele na sauti zitapanda ghafula mahali pamoja: hapo umeipata bendi. Kwa kapasita ya kawaida ya redio za zamani hutoka karibu megahetsi 5 hadi 15. Halihitaji umeme wowote. Shida yake ni kwamba kila ubadilishapo stesheni yakupasa kuzungusha tena, na wazee hawapendi hivyo.

Ukitaka kulinganisha antena mbili, usisikilize moja leo na nyingine kesho. Sauti ya mawimbi mafupi hupanda na kushuka kila dakika kwa sababu ya hali ya juu angani. Tumia redio ile ile, stesheni ile ile, saa ile ile, ukibadilisha waya kila nusu dakika, mara kumi. Wasikilizaji wa redio za mbali huandika alama za 1 hadi 5 kwa mambo matano: nguvu ya stesheni, kuingiliwa na stesheni nyingine, kelele, kupanda na kushuka kwa sauti, na usikivu wote kwa jumla. Alama 5 ni nzuri kabisa. Mwachie mtoto wa shule aandike, wewe ukiwa umeyapa mgongo mabadiliko, usijue ni waya upi umeunganishwa. Utashangaa jinsi masikio yapendavyo kile kilichogharimu fedha.

Umeme na radi

Usiutupe waya juu ya waya za umeme wala chini yake, wala mahali ambapo ukikatika utaziangukia, au zikikatika zitauangukia. Hapa hakuna majaribio. Watu wamekufa kwa kutupa waya wa antena juu ya mti ambao nyuma yake ulipita umeme.

Radi nayo. Nchi izungukayo ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kabisa duniani, na wasomaji wetu wa Kisii, Kakamega na Nandi hawahitaji kufundishwa hilo. Waya mrefu ulio juu hukusanya umeme hata radi isipoupiga wenyewe. Hakuna kifaa, cha dukani wala cha nyumbani, kitakacholinda redio na watu ikiwa waya umeingia ndani wakati radi iupigapo. Kwa hiyo maungio yawe nje, chini ya upenu, mahali mkono ufikapo. Pigilia ardhini fimbo ya chuma ya mita moja na nusu, mbali na mlango na mahali watoto wachezapo, na waya ukifunguliwa uunganishwe na fimbo hiyo.

Usingoje ngurumo. Ukishaisikia, radi iko karibu kiasi cha kukufikia, na huo si wakati wa kwenda kushika waya. Kaa ndani na uiache redio iungue. Mimi huufungua wangu kila usiku nizimapo redio, nikauunga kwenye fimbo yake, mvua iwepo au isiwepo, na mtoto wangu mkubwa hunikumbusha nisahaupo.